Siku Jina Lake Liliposomwa

Televisheni yetu iko ndani ya kizimba. Fundi aliyekichomelea alitumia nondo zilezile za madirisha, akakitundika juu karibu na dari ili wezi wasiifikie, na sisi tunaitazama shingo zimepinda nyuma kama kuku wanaokunywa maji. Wageni wanaotuletea sabuni na biskuti siku za sikukuu hupenda kutukumbusha kwamba tuna bahati, maana wazee wengi wa Uvira hawana televisheni. Ni kweli. Wazee wengi wa Uvira wana wajukuu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote, mpaka siku moja nikaanguka mbele ya ubao, chaki mkononi, na tangu hapo upande wangu wa kushoto haunisikii. Mke wangu alipofariki, watoto wangu walioko mbali walishauriana kwa simu, na mwisho wa mashauri yao nikajikuta hapa, katika nyumba ya wazee inayotunzwa na masista. Watu wa mji wanaiita hospisi, na wanaitaja kwa sauti ya chini kama wanavyotaja ugonjwa wa aibu. Ukikaa barazani unaona mabati ya mtaa wa Songo, baada ya mabati unaona ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Burundi. Ni mahali pazuri. Nasema hivyo nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani, halafu niendelee na yale niliyokusudia.

Watu hudhani tunapenda televisheni. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Asubuhi, baada ya uji, wanaoweza kutembea wanashikwa mkono, wasioweza wanabebwa, na wote tunapangwa kwenye viti vya plastiki ndani ya ukumbi, uso kwa kizimba. Hapo tunakaa mpaka ugali, na baada ya ugali tunarudishwa hapo hapo. Mtu akitaka kujua wazee wa hospisi wanafanya nini mchana kutwa, jibu langu ni fupi: tunawekwa. Sufuria nazo zinawekwa, lakini angalau sufuria kuna saa zinakumbukwa kwa kazi yake.

Asubuhi ni wahubiri wa Kilingala. Mmoja wao, mwenye suti inayong'aa, huwa anawaambia wagonjwa waguse kioo cha televisheni ili wapone. Mara ya kwanza nilipoona wenzangu wanainua mikono kuelekea kwenye kile kizimba ambacho hata mtu wa miguu mizima hakifikii bila ngazi, nilicheka kwa sauti, na mama mmoja hakunisemesha wiki nzima. Baada ya wahubiri zinakuja nyimbo, halafu matangazo ya maziwa ya watoto na magodoro ya maharusi. Mchana tunapata Bujumbura kwa Kirundi, kwa kuwa mawimbi yao yanavuka ziwa bila kuomba visa. Michezo ya kuigiza inatoka Tanzania, na Kiswahili chao kimenyooka mno hata nusu ya ukumbi inaachwa njiani. Habari za nchi yetu zinasomwa kwa Kifaransa. Hapo ndipo ninapohitajika.

Kifaransa ndicho kitu pekee nilichokuja nacho hapa ambacho wenzangu wanakitamani. Wengi ni watu wa uwanda wa Ruzizi, wakulima wa muhogo na mpunga, na wengine ni wavuvi wa hapa hapa ziwani. Wanajua Kifuliiru, wanajua Kivira, wanajua Kiswahili chetu cha Uvira, lakini Kifaransa kwao ni lugha ya hakimu na daktari. Kwa hiyo waziri akisema kwenye televisheni, vichwa vyote vinageukia kwangu.

"Mwalimu, anasema nini?"

"Anasema mambo iko muzuri."

"Wapi?"

"Kwake."

Ndivyo ninavyotafsiri. Masista wamenikanya, lakini sijaona waziri aliyelalamika.

Telekomande iko mikononi mwa mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya Bukavu. Hakuna aliyemchagua. Alikuja nayo mkononi siku moja, akakaa nayo, mpaka leo. Ni mtu mwema, mkaidi, anayebadilisha stesheni kama alivyokuwa akibadilisha gia kwenye mipando ya mlima wa Ngomo, kwa nguvu na bila kumsikiliza abiria. Kuna kipindi kimoja tu ambacho hathubutu kukigusa, nacho ni matangazo ya vifo.

Asiyekaa kwetu huenda asielewe. Televisheni ya hapa mjini ina saa yake ya matangazo hayo, alasiri, kivuli cha mlima kinapoanza kushuka juu ya mji. Picha ya marehemu inatokea, mara nyingi ya zamani, imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine, na msomaji anaanza. Hasomi jina la aliyekufa peke yake. Anasoma ukoo mzima: mjane wake, watoto wake na mahali walipo, ndugu zake, wakwe zake, jamaa walioko Kalemie, Bukavu, Bujumbura, mpaka Kanada. Kusomwa ndani ya orodha hiyo ni jambo kubwa. Nimewahi kuona koo zikigombana kwa miaka kwa sababu shemeji fulani hakutajwa. Kwa sisi wa kwenye viti vya plastiki, tangazo ndilo barua yetu ya pekee. Hapo ndipo mtu anapojua kwamba rafiki yake wa ujana amekufa, kwamba mjukuu wake ameolewa na kuhamia mahali fulani, kwamba mtoto aliyesema anakwenda Goma kumbe amekaa mtaa wa pili.

Ukumbi wote unanyamaza. Hata wanaosinzia wanaamshwa na wenzao.

Mama ninayetaka kumsimulia alikuwa akiingia ukumbini kwa saa hiyo tu. Alitoka Mutarule, kijiji cha uwanda wa Ruzizi. Alilima huko maisha yake yote, akazaa watoto akawazika karibu wote, akabaki na mwana mmoja anayekaa mjini, mtaa wa Rugenge. Risasi zilipozidi katika uwanda alikimbia na wenzake kwa miguu, kwa njia za mashambani, na akafika kwa mwanawe nyayo zimepasuka. Alikaa hapo kwa muda, ndani ya chumba, bila kutembelewa na ndugu yeyote. Halafu mwana akamleta kwetu kwa pikipiki, akamwambia Mamere, sista mkuu wetu, kwamba ni kwa siku chache, mpaka aongeze chumba. Huyo mwana alikuwa anakuja mara mojamoja, analeta mkate na ndagala zilizokaushwa, anakaa ukingoni mwa kiti, anaangalia simu, anaondoka. Mama alikuwa anamsindikiza kwa macho mpaka getini, kisha anatugeukia na kusema: "Iko na kazi mingi." Tulikuwa tunakubali. Watoto wetu wote wana kazi nyingi.

Asubuhi alikataa kabisa kuwekwa mbele ya televisheni. Alikaa barazani akichambua sombe za jikoni, yale majani ya muhogo, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kivuli kikianza kushuka, anaosha mikono, anafunga kitambaa kichwani vizuri kama anayekwenda misani, anaingia ukumbini na kukaa karibu nami kwa sababu ya Kifaransa changu. Alikuwa na dada yake mkubwa, yaya wake kama tunavyosema, aliyeolewa Songo zamani sana na sasa alikuwa mgonjwa wa kitandani, na yule mwana wa Rugenge alikuwa amemwahidi mama kumpeleka huko miguu yake ikipona. Kutoka barazani alikuwa ananionyesha bati la nyumba yenyewe, lililokuwa jekundu, limebaki rangi ya kutu. Walikuwa wamebaki wawili tu katika tumbo lao.

Siku moja nilimuuliza, kwa ule ulimi wangu mbaya, kama anakuja kila siku kuangalia iwapo dada yake amekufa.

Hakukasirika. "Yaya atakufa, njo mambo ya Mungu," alisema. "Minye naogopa batamulia bila minye. Siku ile bakimusoma, mutoto wangu atakuja kunitoa hapa, tutaenda. Haiwezekane kumulia bila minye. Nani atalia wa kwanza?"

Hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Kwa watu wake, ndugu wa tumbo moja ndiye anayefungua kilio. Wengine wote wanamfuata. Kwa hiyo, kifo cha yaya wake kilikuwa ndio mlango wake wa kutokea hospisi, hata kama ni kwa siku za matanga tu. Angeingia Songo mbele ya watu, mwanawe kamshika mkono, angekaa chini kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, angelia. Na baada ya hapo nani angemrudisha huku, mbele ya macho ya watu wote? Hakulisema hili la mwisho, lakini nililiona usoni mwake, nami nikaona ni hesabu nzuri. Nilimwonea wivu. Mimi sina wa kufa aliye karibu.

Kuna jambo moja ambalo yeye hakulijua. Kwetu hakuna mtu anayekiri kwamba amemweka mzazi wake hospisi. Ni haya isiyo na mahali pa kuiweka. Kwa hiyo watoto wanasema uongo kwa majirani: baba yuko Bujumbura kwa matibabu, mama amekwenda Kalemie kwa dada yetu. Hapa ndani tuna mzee mmoja asiyeweza kujifunga kifungo cha shati, ambaye mtaani kwao inajulikana yuko Kanada, na kila anayemuulizia anaambiwa baridi inamsumbua. Tulicheka sana tuliposikia hilo. Yeye mwenyewe alicheka. Kisha hakula siku ile.

Tangazo lilikuja siku ya mvua. Maji yalikuwa yanapiga bati hata dereva akaongeza sauti mpaka mwisho. Picha ikatokea, mwanamke wa makamo mwenye kikwembe cha maua, akicheka na mtu aliyekatwa pembeni ya picha, na yule mama akaniwekea mkono wake kwenye goti langu lisilosikia.

"Ni yaya."

Msomaji akaanza. Familia ilikuwa na majonzi makubwa kutangaza kifo cha mama, na akasoma jina lake la ubatizo na jina la nyumbani. Mama pembeni yangu aliziba mdomo. Macho yake yalijaa maji mara moja, nikaona anayazuia, anayazuia kwa nguvu kama mtu anayeshikilia mlango. Msomaji akaendelea na watoto wa marehemu, wakwe, wajukuu. Kisha akasoma, kwa sauti ileile: "Marehemu alikuwa dada mkubwa wa feu mama," na akalitaja jina la mama huyu aliyekaa hai kando yangu, kamili, la ubatizo na la kwao Mutarule, na baada yake jina la mwanawe wa Rugenge.

Ni lazima nieleze hapa kwa wasiojua Kifaransa chetu cha matangazo. Kuna neno "feu", linalosomwa "fe". Katika Kifaransa hicho hicho ni moto wa jikoni, lakini likitangulia jina la mtu maana yake ni kwamba mtu huyo amekwisha kufa. Wasomaji wetu hulichomeka katikati ya Kiswahili bila kufikiri, kama wanavyochomeka "madame" na "docteur".

Dereva alilijua. Wavuvi wawili watatu waliokaa mjini muda mrefu walilijua. Nikaona vichwa vinageuka, si kwa yule mama, kwangu mimi. Walikuwa wanangoja tafsiri. Hata dereva, aliyejua, alikuwa ananiangalia kama vile mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, ningeweza kulitafutia neno hilo maana nyingine.

Mama akanishika mkono. Alikuwa analia kwa ndani, na juu ya kilio hicho, naapa, alikuwa na furaha.

"Umesikia, mwalimu? Banisoma!"

"Nimesikia, mama."

"Banisoma na fe."

 Akaniinamia ili wengine wasisikie majivuno yake.

"Weye ni muntu wa masomo, unajua. Kila siku banasomaka fe papa wa fulani, fe tate wa fulani, fe mama mukubwa. Batoto habasomwake fe. Ni ya bakubwa ba familia. Minye nilikuwa najiuliza, siku gani na minye batanisoma vile. Mutoto wangu njo aliandikisha ile. Unaona? Iko na heshima, ule mutoto."

Nimesahihisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Nimewahi kumsahihisha padri katikati ya mahubiri. Pale nilikaa kimya na mkono wake juu ya mkono wangu, nikilichukia lile neno, nikiichukia televisheni, nikimchukia yule msichana anayesoma matangazo ambaye hakuwa na kosa lolote. Na nilimwelewa huyu mama vizuri. Alikuwa amefikiri vizuri zaidi kuliko wanafunzi wangu wengi. Katika orodha zile wakubwa wote ni feu. Alikuwa amesikiliza kwa makini, akatoa maana kutoka alichosikia, na mtu anayesikiliza lugha asiyoijua hana njia nyingine.

Mamere alikuja kumpa pole. Ni mwanamke wa Bukavu, mnene, mwenye moyo, asiyejua kusema polepole. Akamkumbatia, akamwambia, "Lia, mama, lia tu, usifunge ndani."

"Hapana, Mamere. Siwezi kulia hapa."

"Juu ya nini?"

"Hapa si kwetu. Muntu hanaliaka ndugu yake kwa batu. Nikilia hapa, ni kusema hapa njo nyumbani, na kule sina tena. Nitalia Songo. Mutoto anakuja."

Akaenda kuoga, akavaa kikwembe chake kizuri, akakaa barazani kwenye benchi lililo karibu na geti. Mvua ilikuwa imekatika. Mwana hakuja siku ile. Mama akasema barabara ina matope. Kesho yake alivaa tena kikwembe kile kile, akakaa pale pale. Kutoka Songo sauti ya kwaya ikawa inapanda mpaka kwetu kwa vipaza sauti vya kilio, na tuliona kwa macho yetu turubai la bluu limefungwa mbele ya lile bati lenye kutu. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wadogo kama sisimizi. Yeye alikuwa akiwatambua kwa mwendo wao. "Ule ni shemeji. Ule anayechechemea ni mutoto wa shangazi." Machozi yakija anainua uso juu mpaka yarudi.

Mimi nilimwambia Mamere ampigie simu yule mwana. Alipiga. Nilikuwa kando yake mlangoni mwa ofisi, nimeshikilia fimbo yangu, nikaona uso wake unavyobadilika. Akashusha simu.

"Anasema asiletwe," alisema. "Wakati alikimbia Mutarule, batu ba kwao balijua alikufa mu njia. Mutoto aliacha bajue vile. Balimulilia kabisa, mwalimu. Balikala matanga, balikula. Sasa nikimupeleka Songo leo, bataona nini? Muzimu? Na yeye anasema, nikimuleta, haweke tena muguu yake hapa."

"Na wewe umekubali?"

"Weye ungefanya nini?" aliniuliza, na sauti yake ilikuwa imekasirika kuliko yangu. "Nimupeleke batu bakimbie? Ao nimwambie hapa, leo, na yaya yake haiyazikwa?"

 Nilitaka kuwa na hasira na mtu, na kila niliyemfikia nilikuta ana sababu yake. Hata yule mwana nilimwona: chumba kimoja, mke, watoto, mama mgonjwa wa miguu, na majirani wanaouliza. Uongo mdogo ulioachwa upite siku ya vurugu, kisha watu wakaja na mikeka, na baada ya watu kuja na mikeka hakuna anayeweza kuwaambia rudini. Nilimwona vizuri, na bado ningempiga fimbo.

Mazishi yakapita. Kwaya ikanyamaza, turubai likafunguliwa. Mama akavua kikwembe kizuri, akarudi kwenye sombe zake, na hakusema tena kwamba mtoto ana kazi nyingi. Alisema tu kwamba huenda walimngoja apone miguu. Chakula alikuwa anakigusa na kukiacha. Usiku wanawake wa chumba chake walimsikia akimeza mate, akimeza mate, lakini kulia hakulia. Nilifikiri atakufa na lile donge kooni. Nilitamani hata afe nalo, kuliko ajue.

Alasiri, hata hivyo, alikuwa anaingia ukumbini kama kawaida. Sikujua sasa anangoja nini, naye labda hakujua. Mazoea ni kitu kigumu, hasa kwa mtu asiyebaki na kingine. Ndipo siku moja picha ile ile ikatokea tena, kikwembe cha maua, kicheko, bega la mtu aliyekatwa. Kwetu, baada ya matanga kuvunjwa, familia hutoa tangazo la kushukuru. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo. Mtu anayejiita msomi, nikalisahau.

Msomaji akasoma kwamba familia inawashukuru wote waliosimama nayo, kwa sala, kwa mchango na kwa kuwepo kwao, katika kilio cha feu mama, na akalitaja jina la yaya. Kisha: aliyekuwa dada mkubwa wa feu mama, na akalitaja jina lake yeye.

Dereva alibonyeza. Stesheni ikaruka, tukaona mpira wa nchi fulani. Alikuwa amechelewa.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Nilijua anachofanya, maana nimewaona watoto wengi wakifanya hivyo mbele ya hesabu: alikuwa anarudia kwa polepole.

"Yaya naye ni fe," alisema.

Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ile siku ya kwanza hakukuwa fe. Balisoma mama tu. Minye nilikuwa fe, yeye hapana." Akafunga kidole kimoja. "Balimuzika, njo akakuwa fe."

Akanigeukia. Sijui nilikuwa na uso gani. Nadhani uso wangu ndio uliomaliza kumwambia, kwa sababu hakuniuliza tena maana ya neno lile.

"Mwalimu."

"Ndiyo, mama."

"Minye nilikufa siku gani?"

Nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu na watu waliodhani ninajua. Hili nilikuwa na jibu lake. Nilijua ni siku gani, nilijua njia, nilijua hata kwamba watu walikula. Nilifungua mdomo, na upande wangu wa kushoto na wa kulia, zote zilikuwa zimekufa. Dereva aliinamia miguu yake. Kule juu watu walikuwa wanashangilia goli.

Ndipo akalia. Alilia pale pale, kwenye kiti cha plastiki, katikati ya watu wasio wa kwao. Hakulia kwa chini kama tunavyolia hapa, chini ya mashuka, ili masista wasisikie. Alilia kilio cha Mutarule, kile cha kufungua, mikono kichwani, kinachosikika mashamba matatu. Alimwita yaya wake kwa jina la nyumbani, akamwita mtoto wa baba yake, akamwambia amemwacha na nani. Mamere alikuja mbio na mikono ya unga, akasimama mlangoni, hakuingia. Mama alipomaliza jina la yaya alivuta pumzi, akaanza jina lake mwenyewe. Alijiita kama anavyoitwa aliyekufa. Alitaja mashamba yake, watoto aliowazika, njia aliyokimbilia, akajiuliza kwa nini ameondoka bila kuaga.

Kilio cha namna hiyo kinahitaji watu wa kupokea, la sivyo kinamkaba anayelia. Mwanamke mmoja nyuma yangu alianza, mzee wa kivuvi akafuata, na dereva, na mimi, kwa nusu ya mdomo niliyo nayo. Tulimlilia mpaka ugali wa jioni ukaletwa, na yeye akiwa katikati yetu, akituongoza.